Kayaki ya pedali kwenye maji makuu: mnauliza, tunajibu

Tangu tuguse kwa ufupi habari za kayaki za uvuvi zinazoendeshwa kwa miguu, maswali yanaingia kutoka Kyela, Tukuyu, Mbeya mjini, Ludewa na Iringa. Wengi wanauliza fimbo gani, chambo gani, samaki wako wapi. Hayo tutayajibu siku nyingine. Safari hii tumechagua maswali yanayohusu kutoka na kurudi. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina chake kinafika takribani mita 700, na mtu mmoja aliyekaa juu ya plastiki isiyofika upana wa mita moja hapaswi kubahatisha.

Shikamooni. Nimeletewa kayaki ya pedali iliyotumika, ya futi 12. Nataka kwenda kuvua mbasa Matema. Sijawahi kupanda kayaki ila naogelea vizuri. Nianzie wapi? (Mwalimu, Tukuyu)

Marahaba, mwalimu. Anzia kwenye kuanguka. Siku ya kwanza fimbo na ndoano zibaki nyumbani kabisa. Tafuta ufuko wa mchanga wenye maji ya kifuani, mbali na midomo ya mito. Pale Matema waulize watu wa mwaloni kabla hujalowa, kwa sababu mamba hupenda maeneo ya midomo ya mito kama Lufilyo na Mbaka, na wenyeji ndio wanaojua wameonekana wapi wiki hii. Awepo mtu mzima amesimama majini karibu nawe.

Vaa jaketi okozi, kaa, kisha jiangushe ubavuni kwa makusudi. Jambo la kwanza ukiibuka ni kushika chombo. Kayaki tupu husukumwa na upepo haraka kuliko mtu anavyoogelea na jaketi, kwa hiyo ukiiachia hata kidogo unaweza usiifikie tena. Chombo kitakuwa kimelala kifudifudi, mapezi au propela vikitazama juu. Usivitumie kama mpini wa kujivutia. Mhimili wa pezi hupinda, na ukingo wa propela hukata kiganja.

Kugeuza chombo cha kilo 45 chenye upana wa sentimita 85 kwa mikono mitupu ni kazi ngumu, ndiyo maana tunashauri utepe wa kupindulia. Chukua utepe wa nailoni wa mita tatu, ufunge kwenye kishikio cha katikati ya ubavu, na uukunje mahali unapoweza kuufikia ukiwa majini. Chombo kikipinduka, urushe utepe juu ya tumbo lake, zunguka upande wa pili, weka magoti au nyayo kwenye ukingo ulio karibu nawe, kisha jilaze nyuma kwa uzito wote. Uzito wa mwili ndio unaogeuza, mikono inashikilia tu.

Sasa kupanda. Hapa ndipo wengi hushindwa, na sababu yake ni moja: wanajivuta wima kama mtu anayeparamia ukuta. Mwili ukiwa wima miguu huingia chini ya chombo, na kila unapovuta, unakivutia juu yako kikapinduka tena. Kaa ubavuni usawa wa kiti, shika kishikio cha karibu kwa mkono mmoja na cha mbali kwa mwingine ukikifikia, nyoosha miguu nyuma na uipige mpaka mwili wote uelee juu ya maji. Hapo jisukume mbele, usijivute juu. Kifua kikishapita ukingo, endelea mpaka kitovu kiwe katikati ya chombo, tulia, pumua. Kisha jigeuze taratibu makalio yaingie kwenye kiti, miguu iingie mwisho. Kama kiti chako ni kile kirefu cha fremu ya alumini, kikunje kwanza au ukishushe, maana hukaa njiani na huongeza uwezekano wa kupinduka upya.

Ukiweza mara tano mfululizo bila kusaidiwa, rudia mahali usipogusa chini. Kisha rudia siku yenye mawimbi madogo, ukiwa umechoka baada ya kukanyaga pedali nusu saa. Ambaye bado anashindwa afunge kitanzi cha kamba cha kukanyagia, urefu wake umfikishie mguu chini ya maji kidogo. Akishindwa na hapo, chombo hicho hakimfai kwa maji makuu, hata kama kimegharimu fedha nyingi.

Baada ya hapo jifunze kasia. Tunajua umenunua pedali ili usipige kasia, lakini siku pedali itakapogoma ndiyo siku utakayolihitaji. Uweze kupiga kasia kilomita moja, nusu yake ukikabili upepo, ukiwa umeinua pedali na usukani. Mbasa ni samaki mwenye nguvu anayekimbia na mshipi, kwa hiyo mwisho wa mafunzo beba fimbo moja tu, weka kiti kwenye nafasi ya chini, na ujizoeze sheria hii mpaka iwe mazoea: pua yako isivuke ukingo wa chombo. Samaki huletwa kwako kwa nyavu ya mkono yenye mpini mrefu. Anayeinama kumfuata ndiye anayeanguka.

Nimeona kuna pedali za mapezi na pedali za propela. Ipi bora kwa Ziwa Nyasa? (Mfanyabiashara, Mwanjelwa, Mbeya)

Zote zinakufikisha. Za mapezi unasukuma miguu mbele kwa zamu, na chini mapezi mawili yanapepea kushoto na kulia. Ukiyaacha mguu mmoja mbele kabisa, hulala karibu na tumbo la chombo, jambo linalofaa sana unapokaribia mchanga au kupita juu ya kamba ya nyavu. Za propela unazungusha kama baiskeli. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukizungusha kinyume, chombo kinarudi nyuma papo hapo, na hilo husaidia kumtoa samaki aliyekimbilia mawe. Pedali za mapezi za zamani hazirudi nyuma kabisa. Mpya nyingi zina kamba au kitasa cha kubadili mwelekeo.

Tofauti inayotuhusu zaidi ni jinsi zinavyoharibika. Propela hunasa nyuzi. Uzi wa nyavu za kutega (makila) ukijizungusha kwenye mhimili, propela haisukumi tena, na ukilazimisha, pini ya usalama hukatika. Pini hiyo imetengenezwa iwe dhaifu makusudi, ili ikatike yenyewe kabla ya gia kuvunjika. Beba mbili za akiba na kibanio cha kuibadilishia, vimefungwa kwa uzi visidondoke. Kwenye mapezi kinachochoka ni mnyororo, waya na mihimili ya mapezi. Waya ulioanza kutoa nyuzinyuzi hauna safari nyingine, ubadilishe nyumbani. Zote mbili zina adui mmoja, mchanga. Ukiiburuza kayaki huku pedali iko ndani ya tundu lake, mchanga unaingia kwenye bushi (kikombe ambamo mhimili huzunguka) na baada ya muda mfupi utasikia mkwaruzo.

Kwa ziwa lenye nyavu nyingi kama letu tungeelekea kwenye mapezi. Kwa anayevua karibu na miamba ya Milima ya Livingstone, ambako kurudi nyuma haraka kunaokoa chombo kisigongwe, propela ina hoja yake. Vyovyote utakavyochagua, ukiona mstari wa maboya ya nyavu, zunguka. Ukishindwa kuzunguka, inua pedali na usukani, vuka kwa kasia. Nyavu ile ni mtaji wa mtu, na mwenye nyavu huyo huyo ndiye atakayekuja kukuvuta siku utakapokwama.

Asubuhi ziwa limetulia kabisa, saa nne limechafuka. Nitajuaje mapema? (Kijana wa bodaboda, Kyela)

Umeuliza swali lenye uzito kuliko yote ya mwezi huu, kwa hiyo tutakaa hapa.

Usiku hewa ya milimani hupoa na kushuka kuelekea ziwani. Alfajiri ukiwa Matema, upepo huo wa nchi kavu unatokea nyuma yako. Pale ufukoni hauusikii sana, kwa kuwa milima na miti inakukinga, na maji mita mia za kwanza hayana hata kikunyanzi. Ukiendelea mbele unatoka kwenye kinga, upepo unaanza kukusukuma mgongoni, nawe unafurahi kwamba miguu yako leo ni myepesi. Hiyo ndiyo ishara ya kwanza mbaya. Geuka ujaribu kurudi kwa dakika tano kabla hujaendelea, uone mwendo wako halisi ni upi.

Fanya hesabu hii. Mtu wa kawaida hukanyaga kilomita 5 kwa saa bila kujichosha. Tuseme umeenda kilomita 3 ukisukumwa: dakika 36 au pungufu. Upepo wa mbele ukikushusha mpaka kilomita 2 kwa saa, kurudi ni saa moja na nusu ya kukanyaga bila kupumzika hata mara moja, maana kila unapopumzika unarudishwa nyuma. Na nguvu ya upepo haipandi kwa kadiri ile ile ya mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake juu yako unaongezeka mara nne.

Jua likipanda, nchi kavu hupata joto na upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja pwani. Kati ya Mei na Agosti huongezeka ule upepo wa kusini ambao wavuvi huuita mwera, na ukiamka vizuri unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Mawimbi ya mwera yanayofika kwenu Kyela yamekua njiani mamia ya kilomita kutoka kusini. Hayatakupeleka katikati ya ziwa, yatakuleta ufukoni, lakini yatakuleta vibaya. Tutalieleza hilo kwenye jibu linalofuata.

Kwa hiyo angalia nini? Siku moja kabla, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ambao una taarifa za maziwa makuu, Nyasa likiwemo. Anayeanza asitoke utabiri ukizidi kilomita 15 kwa saa. Asubuhi, simama mahali palipoinuka utazame mbali, usitazame maji ya miguuni pako. Mstari mweusi wenye meno kwenye upeo wa macho ni mawimbi ambayo bado hayajakufikia. Ukiwa majini, kipimo chako ni povu jeupe kwenye vichwa vya mawimbi. Likianza kuonekana hapa na pale, upepo uko kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa, nawe unakunja mshipi na kurudi. Likiwa limetapakaa kila upande, umeshapita kilomita 20 kwa saa na ulipaswa kuwa ufukoni. Na tazama mitumbwi: wavuvi wa usipa wanaomaliza kazi ya usiku wakipita kwa haraka wote kuelekea mwaloni, wafuate bila kuuliza.

Msimu wa mvua una hatari yake, radi. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, muda wa kuwa majini umekwisha. Laza fimbo zote, hasa za kaboni, maana zinapitisha umeme na wewe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote pale.

Kwa miezi ya kujifunzia, mara nyingi Septemba hadi Novemba, kabla mvua hazijakolea, hupata asubuhi nyingi tulivu. Toka na mwanga, uwe umerudi kabla ya saa tatu. Safari za mwanzo zifuate pwani sambamba, mita 200 kutoka nchi kavu, na nusu ya kwanza iwe ya kukabili upepo ili wakati wa uchovu upepo ukusindikize.

Nilijaribu kuingia ufukoni wakati wa mawimbi, kayaki ikageuka ubavu ikanigonga mguu. Kosa lilikuwa wapi? (Msomaji, Ipinda)

Pole sana, ndugu. Bila shaka uliingia na pedali na usukani vikiwa chini. Wimbi linapokuinua tezi (nyuma ya chombo) na kukusukuma, omo (mbele yake) huchimba maji na tezi hutaka kuipita. Usukani ukigusa mchanga, chombo kinakwama kwa nyuma, kinageuka ubavu, na wimbi linalofuata linakipindua. Ubavu ukishaelekea kwa wimbi, huna la kufanya ila kuegemea upande wa wimbi.

Utaratibu ni huu. Simama nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, uyatazame dakika kadhaa. Huja kwa makundi: makubwa machache, kisha mafupi. Funga fimbo zote kwa kulaza, weka kila kitu ndani. Toa pedali kwenye tundu au uilaze, inua usukani, shika kasia. Kundi la makubwa likipita, piga kasia kwa nguvu nyuma ya wimbi la mwisho, ukibaki mgongoni mwake bila kupanda kichwani. Maji yakifika magotini, shuka upande wa ziwani. Usisimame kamwe kati ya kayaki na nchi kavu. Chombo chenye maji ndani kina uzito wa kutosha kuvunja mfupa, na ndicho kilichokupata. Kishike kwa tezi, wimbi likisukume kwenda mbele yako.

Vifaa vya lazima ni vipi? Fedha yangu ni kidogo, nisije nikanunua vya mapambo. (Fundi seremala, Uyole)

Jaketi okozi kwanza, na liwe mwilini. Lililofungwa nyuma ya kiti halina kazi, kwani hakuna anayeweza kulivaa akiwa ndani ya maji yenye mawimbi. Chagua la povu lenye mgongo mfupi ili lisigombane na kiti. Lijaribu: mtu akuvute kwa mabega ya jaketi, likipanda mpaka masikioni, ni kubwa au halijakazwa.

Kwenye jaketi, siyo kwenye chombo, viwepo filimbi, kisu kifupi cha kukata kamba, na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Sababu ni rahisi: ukitengana na kayaki, unachobaki nacho ni kilicho mwilini. Jaribu mfuko wa simu kwa kuweka karatasi ndani na kuuzamisha kwenye ndoo usiku kucha. Na ujue kwamba pwani ya mashariki chini ya Livingstone ina sehemu nyingi zisizo na mtandao, kwa hiyo simu isiwe tegemeo lako pekee.

Kasia, lililofungwa kwa kamba. Pedali nayo ifungwe, maana ikichomoka chombo kikiwa kimepinduka inazama moja kwa moja. Bendera ya rangi ya machungwa juu ya fimbo ya mita moja na nusu: kayaki iko chini sana majini, na meli zinazotoka Itungi na Kiwira au boti yenye injini hazikuoni kirahisi. Maji ya kunywa lita mbili, kofia, shati la mikono mirefu. Pampu ya mkono. Taa ya kichwani hata kama unarudi mchana.

Kuhusu kujifunga mwenyewe kwenye chombo, jibu letu lina pande mbili. Ukiwa mbali na pwani, mkanda wa kiunoni wenye kamba ya mita mbili na kifungo cha kuachia kwa mvuto mmoja unaweza kukuokoa. Ukikaribia mawimbi yanayovunjika, ufungue, kwani hapo kamba inakugeuza mateka wa chombo.

Kitafuta samaki cha umeme, vishikio sita vya fimbo, taa za rangi: hayo ni mapambo mpaka utakapojua kurudi. Usisahau leseni ya uvuvi kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na uulize kuhusu usajili wa chombo, kwa kuwa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Jitambulishe pia kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo wako.

Huku kwetu nikitupa nanga haigusi chini. Nifanye nini ili nisisukumwe? (Mvuvi, Lupingu, Ludewa)

Haigusi kwa sababu mlima uliouona juu ya maji unaendelea kushuka vile vile chini yake. Mita chache kutoka kwenye mwamba unaweza kuwa juu ya kina cha makumi ya mita. Nanga ya chuma hutaka kamba isiyopungua mara tatu ya kina ili ilale na kuuma, na kwa kina hicho utabeba roli zima la kamba.

Tumia nanga ya kitambaa, inayoelea kama faneli majini na kupunguza mwendo wa kusukumwa. Ya kipenyo cha sentimita 50 hivi inatosha kayaki ya mtu mmoja. Ifunge omoni au tezini, kamba ya mita tano mpaka kumi, yenye boya dogo na kifundo cha kufungua kwa mvuto mmoja. Usiifunge ubavuni. Nanga yoyote iliyofungwa ubavuni huvuta ukingo chini, maji yanapanda, na chombo kinapinduka bila onyo. Kisu kiwe tayari.

Bwawa la Mtera liko karibu nasi kuliko Nyasa. Tunaweza kujifunzia huko? (Vijana wawili, Iringa mjini)

Hapana. Mtera ina viboko na mamba, na miti iliyokufa tangu bonde lilipojazwa maji bado imesimama, mingine kichwa chake kikiwa chini kidogo ya uso wa maji. Pedali ikigonga kisiki kwa mwendo, mtu huanguka, na pale si mahali pa kuanguka. Kiboko hasogei kukupisha. Ukipita juu yake akiwa amezama, anainuka na chombo. Tafuteni bwawa la kuogelea la hoteli mfanye mazoezi ya kupinduka na kupanda, mkilipia saa moja. Kisha pandeni basi kwenda Kyela mkiwa mmeshajua.

Nilifunga vizibo vyote Mbeya, nilipofika Kyela kayaki ilikuwa imebonyea. Kisha majini ikaingia maji. Ni mbovu? (Msomaji, Iyunga)

Kubonyea si ubovu. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500. Ulifungia hewa nyepesi ya juu ndani ya chombo, na huko chini hewa nzito ikakibana. Ukikifunga huko chini na kurudi nacho, kitavimba na mfuniko unaweza kufyatuka barabarani. Safiri kizibo cha tezi kikiwa wazi, na usikaze mikanda ya gari kupita kiasi, kwa sababu plastiki hulainika juani na kushika umbo la fito za keria. Kimbonyeo cha kawaida hurudi chenyewe ukikianika.

Kuingia maji ni suala jingine, na tunaomba usitoke nacho mpaka upajue panapovuja. Mimina lita kama ishirini ndani, kiegemeze kila upande, tazama nje panapotoa jasho. Anza na mzunguko wa tundu la pedali, ambapo miguu husukuma kila siku na ufa hujificha, kisha mashimo ya kutolea maji, skrubu za vishikio vya fimbo vilivyofungwa baadaye, na mpira wa mfuniko. Lita 20 ni kilo 20 zinazohama. Ukiinamia kushoto, zote zinakimbilia kushoto, na chombo kilichokuwa imara kinakuwa na ulevi. Hata kikiwa kizima, fungua mfuniko wa karibu baada ya dakika ishirini za kwanza na utazame ndani, ukiwa bado karibu na pwani. Na usijaze mpaka kiwango kilichoandikwa kiwandani: ikiandikwa kilo 180, wewe, vifaa na samaki msizidi 120.

Desemba naenda Dar kwa shemeji. Nikishajua Nyasa, bahari itanisumbua? (Mfanyakazi wa benki, Makambako)

Itakusumbua kwa kitu kimoja ambacho ziwa halina: kupwa na kujaa. Dar es Salaam, siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida), tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita tatu, na yote hayo hupita kwa takribani saa sita. Mlango wa hori au mkondo kati ya miamba unaweza kukutoa nje kwa mwendo usioweza kuushinda kwa miguu. Maji yanayotoka yakikutana na upepo unaoingia, mawimbi husimama wima mahali palipokuwa shwari saa moja kabla. Anza siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, toka maji yakianza kujaa ili yakusaidie kurudi, na uwe na jedwali la maji la siku hiyo. Desemba utakuta upepo wa kaskazi. Ndani ya miamba inavumilika, nje ya miamba nenda na mwenyeji mwenye boti. Kule redio ya VHF ina maana, chaneli 16 ndiyo ya dharura. Ukirudi, osha pedali kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, chumvi ikikauka kwenye bushi utaikuta imegoma.

Mimi si mvuvi, ni mke wa mvuvi. Mume wangu ameanza mambo haya ya kayaki. Akichelewa nifanye nini, na wakati gani? (Mama wa watoto watatu, Kyela mjini)

Mama, wewe ni sehemu ya vifaa vyake vya usalama. Asitoke kabla hajakuachia karatasi yenye mambo haya: anatokea mwalo gani, anaelekea upande gani na mwisho wapi, rangi ya kayaki na ya jaketi, saa ya kurudi, na namba ya mtu mmoja mwenye boti yenye injini pale mwaloni. Mpige picha akiwa ameshika chombo asubuhi ile. Picha inaeleza kuliko maneno ya mtu mwenye hofu.

Saa ya kurudi ikifika, mpigie. Asipopatikana, subiri dakika thelathini, siyo zaidi, umpigie mwenye boti. Saa moja baada ya muda uliopangwa, piga 112 polisi na 114 Zimamoto na Uokoaji, na umjulishe kiongozi wa BMU. Usione aibu kwamba labda amepata samaki wengi tu. Giza likiingia, mtu aliye majini haonekani, na upepo wa usiku unamsukuma kutoka pwani. Waambie upepo ulikuwa unatoka wapi tangu saa ya mwisho aliyoonekana, kwa sababu watafutaji wataanzia upande ule upepo unaokwenda.

Na yeye mwambie hivi: akikwama, akae na kayaki hata kama imejaa maji, asijaribu kuogelea kufuata taa za pwani. Homa au vipele vikimwanza wiki kadhaa baada ya kushinda majini, aende kituo cha afya aeleze kwamba anaingia ziwani, wampime kichocho pamoja na malaria.